Nusa Jani, Fungua Tunda: Kuijua Miti ya Ubani na Manemane Kabla ya Kuivuna au Kuipanda

Gunia lililochanganywa ubani, manemane na gundi ya mgunga hununuliwa kwa bei ya kilicho duni kuliko vyote ndani yake. Kosa hilo huanzia porini, mchumaji anapobandua chochote kinachong'aa kwenye gome bila kujua kimetoka mti gani. Kwa hiyo uainishaji wa mimea, ambao wengi huuona ni somo la darasani, una faida ya papo hapo kwa mfugaji wa Wajir, Isiolo au Simanjiro.

Miti hii ni ya familia ya Burseraceae, yenye spishi zipatazo mia saba. Ndugu yake wa karibu ni familia ya mwembe na mkorosho. Mchungwa na mwarobaini nao wamo katika oda hiyohiyo, yaani kundi la familia zenye nasaba, ya Sapindales. Utomvu wake wenye harufu hupita katika mirija iliyomo kwenye gome la ndani. Anayepiga shoka hadi kwenye mbao haongezi mavuno hata kidogo. Anachofanya ni kufungulia mlango kuvu na mabuu ya mende watoboao shina.

Katika nyika zetu kuna jenasi mbili, yaani makundi mawili ya spishi za karibu, za kuzingatia: Commiphora na Boswellia.

Commiphora ndiyo yenye manemane. Ina spishi karibu mia mbili, na nyingi zina matawi yanayoishia na mwiba. Gome la nje mara nyingi hubanduka kama karatasi na kuacha rangi ya kijani chini yake; kijani hicho huusaidia mti kujitengenezea chakula hata ukiwa hauna majani. Jani mara nyingi huwa na vijani, yaani majani madogo yanayounda jani moja, vitatu, au safu mbili za vijani zenye kimoja nchani. Miti dume na jike kwa kawaida huwa mbalimbali, hivyo usiushangae mti unaochanua kila mwaka bila kuzaa. Alama ya uhakika ni tunda: likiiva hupasuka vipande viwili na kuonyesha kokwa moja iliyokumbatiwa na nyama nyekundu au ya rangi ya chungwa.

Boswellia ndiyo yenye ubani. Haina miiba. Majani yake yana vijani vingi, nayo hukusanyika kwenye ncha za matawi. Tunda ni kavu, lenye pembe tatu au zaidi, na hupasuka. Kaskazini mwa Kenya utakayoikuta zaidi ni Boswellia neglecta.

Mti unaowadanganya wengi ni Lannea, wa familia ya mwembe. Ukiwa umepukutisha majani hufanana mno na Commiphora. Subiri tunda: la Lannea halipasuki wala halina nyama nyekundu ndani. Pia sugua jani changa kiganjani. Jani la Commiphora nyingi hunukia, na ukitazama kitawi kichanga cha Lannea kwa kioo cha kukuza utaona vinyweleo vyenye umbo la nyota.

Kama utomvu umeshachumwa, ponda kipande kidogo ukitie kwenye glasi ya maji. Gundi ya mgunga huyeyuka yote na kuwa ute. Ubani na manemane huacha maji meupe kama maziwa pamoja na mashapo yasiyoyeyuka. Kwenye kaa la moto, gundi huungua bila manukato.

Kwa Boswellia neglecta na Commiphora holtziana, ambayo utomvu wake huuzwa kwa jina la hagar, kawaida ni kuchuma ule uliojitokeza wenyewe, na huo ndio utaratibu tunaoshauri uendelee. Kwingine ubani hugemwa kwa kuchanja. Ethiopia huchanja Boswellia papyrifera, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionya kwamba uzalishaji wake unaweza kupungua kwa nusu ndani ya miaka ishirini, kwa kuwa miche haikui kufikia ukubwa wa kuirithi miti mizee: huliwa na mifugo na kuteketea kwa moto. Uchanjaji uliopita kiasi nao hupunguza mbegu zenye uwezo wa kuota. Chuma wakati wa kiangazi, weka utomvu wa kila aina ya mti kwenye mfuko wake, ondoa magome na mchanga, kisha anika kivulini. Jua kali hupeperusha mafuta yanayotoa harufu na kuyagandamanisha madonge.

Kupanda ndiko kunakomlipa mkulima mdogo haraka zaidi, hasa kwa ua wa miti hai. Kata matawi ya Commiphora yawe vigingi mwishoni mwa kiangazi, kabla ya matumba kufunguka, maana wakati huo chakula kimehifadhiwa kwenye shina. Unene wa sentimita 5 hadi 10 na urefu wa mita 1.5 hadi 2 unafaa. Kata ncha ya juu mshazari ili maji yasituame, na weka alama ya upande wa juu. Kigingi kilichopandwa kichwa chini hakifai kitu. Vilaze kivulini kwa wiki moja hivi mpaka jeraha la chini likauke. Hatua hii watu huiruka, halafu wanalaumu udongo. Kigingi kibichi kikizikwa kwenye udongo wenye maji huoza kabla ya kutoa mizizi. Chimbia kina cha sentimita 30 hadi 50, umbali wa sentimita 30 hadi 50, mvua zikikaribia, na usimwagilie kila siku. Majani ya kwanza yasikudanganye: yanatoka kwenye akiba ya shina, mizizi huchelewa. Usikitikise kigingi wala kuruhusu mbuzi msimu mzima wa kwanza. Milimani katikati ya Kenya, Commiphora eminii hupandwa hivihivi ikawa ua na pia nguzo hai ya viazi vikuu.

Boswellia hushika kwa shida zaidi kwa njia hii, kwa hiyo linda miche inayojiotea.

Kwenye mvua nyingi, Uganda na mashariki mwa Kongo, familia hii inawakilishwa na mpafu, Canarium schweinfurthii, mti mkubwa wa msituni. Tunda lake la zambarau hulainishwa kwa maji ya vuguvugu. Yakichemka, nyama hukakamaa.