Kupunguza uchovu wa wakunga: anza na ratiba ya zamu

Mwongozo huu namwandikia msimamizi wa wodi ya wazazi, yule anayepanga zamu na kupokea simu za "leo siwezi kuja". Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lililopitishwa mwaka 2019, linautaja uchovu huu, unaoitwa "burnout" kwa Kiingereza, kama hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, wala haliuiti ugonjwa. Kwa hiyo semina ya kupunguza mawazo isubiri. Tuanze na karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hatua ya 1: Pima

Tumia dodoso la Copenhagen Burnout Inventory. Lina maswali 19 yanayotenganisha uchovu wa mtu binafsi, uchovu wa kazi na uchovu wa kuhudumia watu. Majina yasiandikwe, na sanduku la majibu likae mbali na ofisi yako, la sivyo utajibiwa kwa adabu tu.

Hatua ya 2: Panga zamu upya

Hapa ndipo penye kazi kubwa.

Toa ratiba angalau wiki nne kabla. Zungusha zamu kwenda mbele: asubuhi, mchana, kisha usiku, kwa sababu mwili huvumilia kuchelewa kulala kuliko kulazimishwa kulala mapema. Anayetoka saa nne usiku asipangwe saa moja asubuhi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai saa 11 mfululizo za kupumzika katika kila saa 24, na ni kipimo kizuri hata pale ambapo sheria hiyo haifiki. Zamu za usiku mfululizo zisizidi tatu. Huo ni msimamo wangu, na najua utapingwa na wanaopenda kumaliza zamu zao za usiku kwa mkupuo.

Halafu mapumziko. "Kapumzike ukipata nafasi" maana yake hapumziki mtu, kwani leba haina nafasi. Kwenye ratiba ya siku andika jina, saa ya kupumzika na jina la anayempokea. Makabidhiano yawe mafupi, kando ya kitanda: "Mama wa kitanda cha pili, njia imefunguka sentimita sita, mapigo ya mtoto nimeyasikiliza sasa hivi, dripu inaendelea." Kisha aondoke kabisa wodini. Usiku mruhusu alale dakika 20 hadi 30. Akizidisha, huenda akaamka na kichwa kizito, na mtu wa namna hiyo hafai kupima dozi papo hapo.

Hatua ya 3: Ondoa kazi zisizo za ukunga

Nani anapeleka sampuli maabara? Nani anafuata damu? Nani anajaza rejesta tatu zenye taarifa ileile? Kama ni mkunga, tafuta mtu mwingine au futa rejesta moja.

Hatua ya 4: Baada ya kifo au dharura nzito

Saa ya kwanza ndiyo inayokumbukwa. Mtoe leba mkunga aliyehusika. Apate maji, abadilishe nguo zenye damu. Mwambie: "Dada, kaa kwanza. Wagonjwa wako ninao mimi." Usianze na "patografu iko wapi?", yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu. Akishatulia, kaa naye aandike kumbukumbu zake wakati bado ziko wazi kichwani.

Usiwakusanye wakunga wote na kuwalazimisha wasimulie kilichotokea. WHO haishauri kikao cha namna hiyo mara tu baada ya tukio, kwa kuwa hakijaonekana kuzuia madhara ya kiwewe. Atakayetaka kusema asikilizwe. Mpigie kesho yake, na tena baada ya wiki. Mapitio ya kifo yawe siku nyingine, na yaanze kwa kuuliza nini kilikosekana, damu au dawa au gari, kabla ya kutaja nani alikuwa zamu. Mwezi ukipita bado halali, au anakwepa kuingia leba, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, kwa siri.

Hatua ya 5: Weka mazungumzo ya kudumu

Wakunga wapate nafasi ya kuzungumza kuhusu kazi yao mara moja kwa mwezi, ndani ya saa za kazi. Asiongoze yule anayeandika tathmini zao, yaani wewe. Usimamizi wa kisheria wa wakunga ulifutwa Uingereza nzima mwaka 2017, na England ikaweka wakunga waliofunzwa kuwasikiliza na kuwatetea wenzao.

Hatua ya 6: Peleka hesabu juu

Ripoti ya mwaka 2021 kuhusu hali ya ukunga duniani ilikadiria upungufu wa wakunga 900,000. Huwezi kuuziba peke yako. Andika kila zamu idadi ya waliojifungua, wakunga waliokuwepo na mapumziko yaliyokosekana, upeleke kwa mkurugenzi kila mwezi. Baada ya miezi sita rudia dodoso lilelile. Sehemu ya uchovu wa kazi isiposhuka, fungua tena ratiba.