Kwenda maporomoko ya Kaporogwe na gari yako: nilivyomwelekeza shemeji

Shemeji yangu kaja likizo na watoto kutoka Dar, anataka maporomoko ila njia za ndani za huku Rungwe, Mbeya, zinamtia hofu. Nilimpa maelekezo haya, wakaenda wakarudi salama, kwa hiyo naweka hapa na wengine wapate.

Hatua ya 1. Njoo kati ya Juni na Oktoba. Tukuyu hata Julai inaweza kukunyeshea, kwa hiyo mvua ikipiga usiku usitoke alfajiri, subiri jua liwake kidogo.

Hatua ya 2. Toka Tukuyu na lami ya Kyela mpaka Ushirika, hapo ndo unaingia njia ya udongo. Ramani ya simu mimi siiamini kabisa huku, njia ya ng'ombe inakuchorea kama barabara. Simama kijiweni uwaulize bodaboda, salimia kwanza, ukijua kusema "ndaga" (asante kwa Kinyakyusa) mwisho wa maongezi utaona wanavyochangamka. Ila usiulize "barabara inapitika?" maana wao wana pikipiki, kwao kila mahali panapitika. Uliza "leo Noah imepita?" Jibu lake ndo la kufuata.

Hatua ya 3. Kilima chenye tope. Hapa soma taratibu, mimi pamenila saa nne nzima mwaka juzi nikiwa na mama yangu ndani ya gari. Udongo wetu huu wa volkano ukilowa juu unateleza kama mlenda na chini bado mgumu, kwa hiyo tairi haina pa kung'ata. Kabla hujapanda shuka utembee kilima chote kwa miguu, ukiteleza wewe na gari itateleza, geuza au paki hapo chini mtembee. Ukiamua kupanda punguza upepo wa tairi, mimi natoka PSI 32 nashuka mpaka 22 hivi (usishuke sana, tairi inaweza kuvuka rimu kwenye kona), weka gia nzito tokea chini na usibadilishe katikati, mguu utulie kwenye mafuta. Ikigoma katikati usilazimishe, na usijaribu kugeuza gari ikae kimshazari maana hapo ndo inalala, rudi kinyumenyume kwa gia mstari ulionyooka.

Ikishazama je? Acha kukanyaga mafuta, kila mzunguko unachimba shimo. Sisi tulikimbilia kukata majani ya migomba tukayalaza chini ya tairi, kosa kubwa, mgomba ni maji matupu, tairi ikayasaga yakawa kama sabuni. Tukaleta jeki, nayo ikawa inazama yenyewe kwenye tope huku gari haiinuki hata kidole. Mpaka kapita mzee mmoja na jembe, akaenda kwake akaleta kipande cha ubao, akaweka chini ya jeki, gari ikainuka, tukajaza mawe na matawi makavu chini ya tairi, dakika ishirini tumetoka! Kwa hiyo ubao wa futi moja, mnene, ukae kwenye buti siku zote pamoja na jembe dogo na kamba. Hizo winchi na mikeka ya plastiki wanazouza mtandaoni sizipingi, ila kwangu ubao kwanza.

Hatua ya 4. Ukifika lipia kiingilio, chukua kijana wa pale akuongoze. Vaa gambuti au viatu vya meno, raba za kawaida hapana.

Hatua ya 5. Maji yanaanguka kama mita 40 hivi, na nyuma ya pazia la maji kuna pango unaloweza kuingia. Humo ndani sauti ya maji inakutikisa kifua, watoto wa shemeji walinyamaza kimya wakashikana mikono. Mawe yana ukoga, kanyaga penye rangi ya udongo, ruka penye kijani, na mtoto ashikwe mkono muda wote. Kuogelea chini ya maporomoko sikushauri.

Hatua ya 6. Saa nane mchana anza kurudi, mawingu ya jioni huku hayana taarifa. Kijungu (shimo la mwamba kama chungu ndani ya mto Kiwira) na Daraja la Mungu (daraja la mwamba wa asili) weka siku nyingine, viko upande wa chuo cha Magereza Kiwira na unajitambulisha getini kwanza.

Ukigusa lami pale Ushirika jaza upepo kabla hujakimbia, pampu ya miguu inatosha, usingoje mpaka Tukuyu.