Mlimau wa ndoo: pima kwa kijiti kabla ya kumwagilia

Mliopanda mlimau kwenye ndoo hapa Kisumu, acheni kumwagilia kwa ratiba. Chukua kijiti kikavu (cha mshikaki kinafaa), kichomeke udongoni kina cha kidole kizima, ngoja dakika chache, kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo ulionata, usimwagilie hata kama juu panaonekana pakavu. Kikitoka kikavu, mwaga maji polepole hadi yatiririke kwenye matundu ya chini, na yatakayobaki kwenye sahani uyamwage. Jua la huku hukausha udongo wa juu mapema, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mizizi ya mlimau inahitaji hewa. Ikikaa majini inaoza, majani yanageuka manjano na kupukutika, kisha mwenye mti anadhani ni kiu na kuongeza tena! Kikombe kidogo kila jioni nacho hakifai, kinalowesha juu tu.

Kijiti hakitakusaidia ukitumia udongo mweusi wa uwanda wa Kano, hapo karibu na Kisumu, peke yake. Ukilowa unashika maji kama gundi, ukikauka unapasuka na maji yanapita kwenye nyufa bila kufika mizizini. Uchanganye na mchanga na samadi iliyooza vizuri, au tafuta udongo mwingine kabisa.

Na kama ndoo haina matundu, anza na hilo: toboa matano hivi chini kwa msumari uliopashwa moto.