Jinsi ya Kupanga Vipindi vya Redio ya Wanafunzi Chuoni Mombasa

Kabla ya kugawana zamu, amueni matangazo yatapita njia gani. Kurusha kwa masafa ya FM nchini Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kanuni zake haziruhusu maudhui ya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Mimi ningeanzia kwenye intaneti, ingawa huko nako nyimbo zina wenyewe na haki zao.

Ratiba ifuate siku ya msikilizaji, si nafasi ya mtangazaji. Mwanafunzi atokaye Likoni husubiri feri asubuhi huku simu i mkononi, na wakati huo anachotaka ni habari fupi za chuo, hali ya kivuko na darasa lililohamishwa, wala si mahojiano marefu. Mahojiano yangoje baada ya Isha, watu wa mabwenini wakishatulia. Wakati wa Magharibi haubadiliki sana mwaka mzima hapa Mombasa, hivyo nafasi ya adhana hupangika mapema. Lakini Ramadhani ikiingia, jioni nzima hupangwa upya kwa sababu ya futari na tarawehe.

Kila kipindi kiandikwe kwenye karatasi dakika kwa dakika. Tuseme ni kipindi cha taarabu cha saa nzima: wimbo mmoja wa taarabu ya kisasa waweza kupita dakika 10, kwa hiyo nyimbo tatu tu zimekwisha kula nusu saa, na salamu zikiachiwa zijiendee, mgeni aliyealikwa atajikuta ana dakika 5 za kuaga. Salamu zipewe dakika 8, zisizidi.

Mnaporekodi, zimeni feni, hata kama joto la Machi halisemeki, kwani mvumo wake hunaswa na maikrofoni na kuuondoa baadaye ni kazi ngumu. Rekodini vipande vifupi, kisha mpumue.

Mtihani wa muhula ndio unaoziua redio nyingi za wanafunzi, maana watangazaji hutoweka wote kwa pamoja. Wekeni akiba ya vipindi visivyochacha, kama vile historia ya Mji wa Kale au mapishi ya mahamri, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wafundishwe meza ya mitambo mapema, wakae zamu pamoja na wakongwe kabla hawajaachiwa studio peke yao.