Vibua na jodari wasikuwashe: histamini kutoka mnadani hadi sufuriani

Histamini ni kemikali ambayo mwili hujitengenezea na kuitumia palepale inapotolewa. Mbu akikuuma, ndiyo inayotanua mishipa midogo ya damu, ngozi ikavimba na kuwasha. Tumboni huchochea asidi itoke. Balaa ni kuimeza kwa wingi. Vibua, jodari na nguru wana histidini nyingi (moja ya chembe zinazojenga protini), na wakikaa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini.

Kwa hiyo ukienda mnadani ufukweni Bagamoyo, beba ndoo yenye barafu iliyopondwa, kilo moja kwa kila kilo ya samaki. Toa matumbo na matamvua hapohapo, jaza barafu hadi ndani ya tumbo, na utoboe ndoo chini ili maji yachuruzike. Nyumbani, hifadhi chini ya nyuzi 4. Pua usiiamini sana: samaki asiyenuka naye anaweza kukudhuru. Kumkaanga, kumpika wa kupaka au kumkamulia ndimu hakuiondoi histamini (hapa ndipo wengi hukosea).

Ulimi ukichonyota kama umelamba pilipili, tema. Uso ukiwa mwekundu na kuwaka moto, kichwa kikigonga, setirizini, dawa ya mzio inayozuia histamini, miligramu 10 humsaidia mtu mzima. Pumzi ikibana, hospitali mara moja.