Fomalini na baridi ya Juni

Wenzetu wa maabara za Makete, Njombe na Mbeya, dumu la fomalini kali (maji yenye fomaldehaidi asilimia 37 hadi 40, ya kuhifadhia sampuli za nyama ya mgonjwa) lisikae sakafuni stoo msimu huu. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, molekuli za fomaldehaidi huungana zenyewe na kutuama kama unga mweupe. Juu panaonekana safi, kumbe nguvu imepungua, na nyama ya sampuli itaoza katikati. Lenye unga msilitumie kwa biopsi (kipande cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa ili kipimwe).

Kutengeneza lita 1 ya kimiminika cha kuhifadhia sampuli: fomalini kali mililita 100, maji yaliyotoneshwa mililita 900, sodiamu dihaidrojeni fosfeti (yenye molekuli moja ya maji) gramu 4, disodiamu haidrojeni fosfeti kavu gramu 6.5. Msiruke hizo chumvi: bila hizo asidi huachwa itawale, na sampuli zenye damu nyingi hupata madoa ya kahawia yanayomchanganya msomaji wa slaidi.

Kimiminika kiwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama, kwa saa 6 hadi 72. Saa zikizidi, protini hufungana mno na vipimo vya kingamwili (vinavyotia rangi protini fulani kwenye slaidi) hufifia.

Baridi isiwafungishe madirisha wakati wa kumimina: mvuke wa fomalini husababisha saratani. Vaeni glavu za nitrili na miwani.