Jinsi ya Kupiga Steji Uliyoichora Mwenyewe Bila Kupotea Ndani Yake

Shabaha ya nne ilikuwa safi kabisa. Kadibodi ya kahawia, bila tundu hata moja, imesimama nyuma ya pipa la bluu vilevile ilivyosimamishwa jana yake jioni. Afisa wa uwanja aliitazama, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hii hukuipiga." Nilikuwa nimeshaonyesha chemba tupu, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, bastola iko kiunoni, zamu yangu imekwisha. Wenzangu wa kikundi walinyamaza na vibandiko vyao vya kuziba matundu mkononi. Steji ile niliichora mimi. Pipa lile niliviringisha mimi mwenyewe.

Ikiwa unachora steji za klabu yako, jambo hili litakukuta au limeshakukuta. Nimeona wapigaji hodari, watu ambao wakija kwenye steji ya mtu mwingine hawakosei, wakipotea ndani ya ile waliyoipanga kwa mikono yao. Nimelifikiria sana kwenye duka langu la vipuri vya magari, Kirinyaga Road, Nairobi, kati ya mteja wa plagi na mteja wa beringi, na nataka nikueleze namna ninavyojikinga nalo sasa.

Kwa asiyetujua: steji ninayoisema si ya matatu. Ni tukio linalopangwa uwanjani kwa kuta za mbao, mapipa na shabaha, ukaambiwa, kwa mfano, uko dukani na majambazi wameingia, jiokoe. Sisi tunapiga mtindo wa IDPA, yaani mashindano ya bastola ya kujihami, ulioanzishwa Marekani mwaka 1996, na hukutana Jumapili kwenye uwanja ulio nje ya jiji, upande wa Kiambu. Mfululizo mmoja, yaani tangu saa ilie mpaka umalize, hauzidi risasi 18. Hesabu yake ni ya saa: unachukua sekunde ulizotumia, unaongeza sekunde 1 kwa kila alama iliyopotea. Tundu likiwa ndani ya duara la kifuani, lenye upana wa sentimita 20 hivi, hulipi kitu. Nje ya hapo ni 1, ukingoni 3, ukikosa kabisa 5. Ukimpiga raia, yaani shabaha iliyochorwa mikono mitupu, 5. Ukivunja utaratibu, 3. Kwa hiyo shabaha moja iliyotaka risasi mbili na haikupata hata moja ni sekunde 10, na sekunde 10 katika mchezo huu ni kama kuanza safari ya Thika ukiwa bado hujatoka Githurai.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana dawa imo ndani ya kisa.

Steji yangu ilikuwa duka. Shabaha nane za karatasi, kila moja risasi mbili, na sahani mbili za chuma, kila moja risasi moja. Jumla 18. Nafasi za kupigia tatu: kaunta, rafu upande wa kushoto, kisha mlango. Katika mchoro wa kwanza, ukiwa kaunta uliona shabaha nne, kwenye rafu mbili na chuma, mlangoni mbili na chuma. Magazini zetu, vile vikasha vya risasi vinavyoingia kwenye mpini wa bastola, tunajaza risasi 10, pamoja na moja iliyo chemba unaanza na 11. Mpango ukajipanga wenyewe: piga 8 kaunta, badilisha magazini ukielekea rafu, una 11 tena, piga 5, piga 5, unabaki na moja. Nililala na hesabu hiyo siku nne.

Jumamosi jioni, tukijenga, niliona kaunta imejaa mno. Mtu angesimama pale akafyatua karibu nusu ya steji bila kusogea. Nikaviringisha pipa la bluu mbele ya shabaha ya nne, ikawa haionekani tena kutoka kaunta. Lazima uipigie kwenye rafu. Nikasahihisha karatasi kwa kalamu nyekundu. Karatasi ilisahihishwa, lakini miguu na macho yangu yalibaki na mchoro wa kwanza.

Kesho yake nilipiga tatu za kaunta, na mwili ukanituma rafuni kana kwamba ya nne imeshapigwa. Nikabadilisha magazini njiani, mbili na chuma, mlangoni mbili na chuma, nimemaliza. Na hapa ndipo penye somo kubwa: bastola haikunistua. Ilibaki na risasi moja, kama hesabu ya zamani ilivyosema. Ningeikumbuka ile ya nne, ningeishiwa na risasi mbele ya chuma cha mwisho, kwa sababu kwa mchoro mpya mpango ule haukufaa tena. Mpango uliofaa ulikuwa kutobadilisha magazini njiani hata kidogo: sita kaunta, tano rafuni mpaka bastola iwe tupu, uijaze pale pale nyuma ya ukuta, halafu uendelee. Kusogeza pipa hatua mbili kulibadilisha steji nzima, na mimi niliyelisogeza sikuwa nimeihesabu upya.

Kwa hiyo la kwanza: funga mchoro mapema. Mimi hufunga Ijumaa usiku. Rasimu zote nazichana, hata ile nzuri iliyoniuma kuiacha, nabaki na karatasi moja yenye shabaha zilizopewa namba. Ukiacha rasimu tatu kwenye pochi, utaingia uwanjani na steji tatu kichwani, na kengele ya saa ikilia ile iliyokaa muda mrefu zaidi ndiyo itakayokuongoza. Nayo karibu kila mara ni ya kwanza.

Kuna mabadiliko usiyoweza kuyakataa, hasa ya usalama. Mfano ni huohuo wa kwangu. Kutoka kaunta kwenda rafu ni kwenda kushoto, na mtu anayetumia mkono wa kulia akikimbia kushoto huku akibadilisha magazini, mdomo wa bastola huvutwa kurudi nyuma, kuelekea waliosimama. Kwa anayetumia mkono wa kushoto hatari iko upande mwingine. Ukiliona jambo kama hilo asubuhi ya shindano, badilisha mara moja, usingoje. Ila ukibadilisha, hiyo ni steji mpya. Tamka mbele ya watu kilichobadilika, "Pipa limekuja hapa, ya nne sasa inapigwa kutoka rafuni," kisha uhesabu risasi kuanzia sifuri.

La pili, na hili nalisisitiza: mchoraji anaijua steji kwa upande usiofaa. Wewe uliichora ukiitazama kutoka juu kama ndege. Ukaijenga ukipita nyuma ya shabaha, nyundo mkononi, ukizisimamisha kwenye stendi. Umeziona zote kumi wakati wote, hakuna iliyojificha kwako. Mpigaji haoni kitu isipokuwa kile ukuta unachomruhusu. Ndiyo maana siku hizi, ikiwezekana, namkabidhi mtu mwingine karatasi ajenge, nami nabeba mbao za steji nyingine. Isipowezekana, nikimaliza kujenga natoka kabisa, nakunywa chai kwenye chupa yangu, narudi kwa kupitia pale wapigaji wanapoingilia. Siingii tena kwa nyuma.

Halafu naitembea kama mgeni. Nasimama mahali pa kuanzia, mikono juu ya kaunta kama maelezo yanavyotaka, na sisogei mpaka nimehesabu kwa sauti ninachokiona. Si ninachokijua, ninachokiona. "Tatu." Naenda rafuni, naegemea ukuta kama nitakavyouegemea. "Tatu na chuma." Mlangoni. "Mbili na chuma." Tatu, nne, tatu: kumi. Karatasi inasema kumi? Sawa. Risasi sita, saba, tano: 18. Dukani mteja akitaka plagi 4, nafungua boksi na kuzihesabu mkononi mwake, hata kama boksi limeandikwa 4 kwa herufi kubwa. Boksi halijui kilichomo ndani. Hesabu zikigongana uwanjani, simama, tafuta kosa liko wapi, na usijiambie "naijua, niliichora mimi." Neno hilo ndilo lililoniangusha.

Chukua njia moja tu. Unapochora steji unazigundua njia zake zote, pamoja na ile ya ujanja inayookoa sekunde moja na inayohitaji kila kitu kiende sawa. Mgeni huziona mbili, huchagua moja na kuishika. Wewe unazo tano, na zote unazipenda. Nashauri uchague ile ambayo ungemwelekeza mtu anayeanza, kisha ufumbe macho uipitie kichwani mara tano au sita: kila hatua, kila shabaha kwa namba yake, mahali hasa utakapobadilisha magazini. Na ukumbuke magazini yenye risasi ndani yake haitupwi chini. Inatunzwa, na kuitunza kunakula muda. Kama picha inakatika mahali, hapo ndipo utakapopotea.

Nyumbani unaweza kuirudia kwa viti vya sebuleni na karatasi ukutani. Bastola tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi zimefungiwa chumba kingine. Rudia mchoro uliofungwa tu. Mazoezi ya rasimu ni mazoezi ya kosa.

Siku yenyewe ina mtego mwingine ambao hauhusu kumbukumbu. Ukiwa mwenye steji, moyo wako hauko kwenye zamu yako. Unawatazama wanaokutangulia: je, ukuta unatikisika? Wameipenda? Yule mzee mstaafu wa jeshi mbona amekunja uso? Unakimbilia chuma kilichoinama, unabandika vibandiko, unamjibu mtu swali, na ghafla unaitwa jina. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu nikidhani ni wajibu. Sasa, wapigaji watatu kabla yangu, nakabidhi ubao wa alama na vibandiko kwa dada mmoja wa kikundi chetu, nakaa kando, sitazami tena. Maswali yote yanamwendea afisa wa uwanja. Nami napenda kupiga wa pili au wa tatu. Ukingoja mwisho utakuwa umeona mipango ya watu tisa, na ukijumlisha na ile mitano yako, kichwa kinakuwa soko la Gikomba siku ya kufungua mitumba.

Wapo wanaosema mchoraji ana faida isiyo ya haki. Wasiwasi huo nauheshimu, ndiyo maana siipigi steji yangu kwa risasi za kweli kabla ya shindano, hata mara moja.

Na ukipotea katikati? Ukikumbuka shabaha uliyoiruka ukiwa bado katika nafasi ileile, ipige, ni nusu sekunde au sekunde moja dhidi ya 10. Ukikumbuka ukiwa umeshafika mlangoni, ushauri wangu ni umalize kilicho mbele yako. Kugeuka na kurudi mbio ukiwa na bastola iliyojaa, akili imechafuka, ndiko kunakozaa makosa ya kufukuzisha mtu uwanjani, na yanayoweza kumuumiza mtu. Sekunde 10 zinalipika. Afisa akikuuliza kama umemaliza, vuta pumzi moja, tupa jicho tena kwenye kile unachokiona, ndipo uteremshe bastola. Mimi siku ile niliteremsha haraka.

Baada ya shindano usiondoke kabla ya kuuliza swali moja: kosa hili ni langu, au ni la steji? Chukua karatasi za alama uangalie nani alikosa nini. Mimi siku ile nilidhani aibu ni yangu peke yangu. Nilipopitia karatasi, watu wanne kati ya kumi walikuwa wameiacha shabaha ileile, mmoja wao yule mzee wa jeshi ambaye sijawahi kumwona akisahau kitu. Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nimetunga jaribio la kupiga, nilikuwa nimetunga fumbo. Mchezo wetu unamfundisha mtu kujikinga na kushughulika na hatari anavyoiona, moja baada ya nyingine. Hatari isiyoonekana mahali popote isipokuwa ukiinama na kuchungulia pembe moja haimfundishi chochote, inampima kumbukumbu tu.

Tulipoijenga tena, nililisogeza pipa mita moja kulia, bega la shabaha ya nne likaonekana mara tu unapofika kwenye rafu, bado halionekani kutoka kaunta. Rafu nayo nikaihamishia kulia, ili wengi wetu tukimbie upande ulio salama kwa mkono wa kulia, na wawili wanaotumia kushoto nikawaambia kabla hawajaanza kwamba magazini wabadilishe wakiwa wamesimama. Nikakabidhi ubao mapema, nikasimama kaunta, nikahesabu: tatu. Rafuni: tatu na chuma. Mlangoni: mbili na chuma. Afisa aliponiuliza kama nimemaliza, nilirudisha jicho mlangoni mara moja zaidi, kisha nikamjibu, na tukaenda pamoja kuhesabu matundu.